Kondishena ya protini, sabuni ya mawese na nywele za bibi harusi wetu hapa Rumonge

Amahoro wakuu, na wakuu wa kike pia, maana najua mko wengi humu mnasoma kimyakimya bila hata kuacha like.

Nina saluni ndogo hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili, hatua chache kutoka sokoni. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu na kukishika kwa vidole hivi vyenye harufu ya defrisan, dawa ya kunyoosha nywele. Kama nimeongeza chumvi mahali, ni kwenye maneno ya wifi yangu, na hata huko ni kidogo tu.

Nimeamua kuandika kwa sababu nimeona humu watu wanabishana kuhusu kondishena zenye protini. Mmoja anasema ni ujanja wa wafanyabiashara. Mwingine anasema nywele zake zililainika hadi mume akauliza kama ni zake kweli. Wa tatu analia kwamba zilimgandisha nywele zikawa kama fagio.

Mimi niliyaona yote hayo kwenye kichwa kimoja, na kichwa chenyewe kilikuwa cha bibi harusi.

Tuanze na watu, wako watatu tu.

Zaituni ni binti wa kaka yangu. Kwetu shangazi ndiye anayemuandaa bibi harusi: nywele, ngozi, hina, na yale maneno ya faragha ambayo mama hawezi kumwambia binti yake bila kuangalia ukutani. Kwa hiyo alipochumbiwa na kijana wa Kabonga, kule Nyanza-Lac karibu na mpaka wa Tanzania, kazi iliniangukia mimi.

Mama yake ndiye wifi yangu. Anapika sabuni ya mawese. Mafuta anayanunua Kizuka, anapikia uani kwake, anaimwaga kwenye vibao, ikishika anaikata kwa waya. Sabuni yake inauzwa mpaka Gitaza, kwa sababu wanawake wanaoanika ndagala wanasema hakuna nyingine inayotoa harufu ya samaki mikononi.

Kaka yangu alipofariki, sabuni hiyo ndiyo iliyosomesha watoto. Ukiisema vibaya mbele ya wifi, jua umemsema yeye, marehemu na ukoo mzima.

Na wa tatu ni mimi, mwenye mdomo.

Sasa nywele. Zaituni ana nywele ndefu, nzuri, ila amezitia defrisan tangu akiwa lise, shule ya sekondari. Ncha zilikuwa zimechoka, ukipitisha kitana zinakatika na kukudondokea kwenye mapaja. Harusi ilikuwa bado mbali kidogo, nikajiambia muda upo.

Nikamtengeneza na kondishena ya protini. Si zile za kupaka na kuosha haraka. Hii unaiacha kichwani, unafunika, unapiga soga, halafu unasuuza.

Siku ile alipotoka saluni, wakuu, hata mimi nilijipongeza. Kitana kilipita kutoka juu mpaka chini bila kugoma. Zilikuwa laini, nzito, zinang'aa. Nikampa chupa aende nayo nyumbani.

Hapa naomba nitoke nje ya barabara kidogo, maana bila hili hamtaelewa kilichofuata.

Protini nzima ni kitu kikubwa. Ukijipaka yai kichwani kama walivyofanya bibi zetu, sehemu kubwa inateleza na maji, wewe unabaki na harufu. Kwa hiyo kiwandani wanachukua protini ya ngano, au ya hariri, au keratini, wanaikatakata vipande vidogo sana. Kwenye chupa zetu za Kifaransa utaona imeandikwa hydrolysée. Ndiyo hiyo iliyokatwa.

Lakini hata kipande kidogo, ukikisuuza, kingi kinaondoka. Basi wanakifanyia kazi ya pili. Wanakiunganishia kijisehemu chenye chaji chanya. Ukisoma kwenye lebo jina refu la kuchosha, lenye neno trimonium katikati na protini mwishoni, ujue ndiyo hiyo iliyobadilishwa.

Nywele nazo, hasa zilizochoshwa na defrisan au rangi, zina chaji hasi. Chanya na hasi zinavutana. Kwa hiyo kipande kinakwenda kushika kwenye unywele, na kinashika zaidi pale palipoharibika zaidi. Ukisuuza, kinabaki.

Kikibaki kinafanya utando mwembamba, kinashika unyevu, na unywele mmoja unateleza juu ya mwenzake badala ya kung'ang'aniana. Kwenye ngozi ni vilevile, ndiyo maana kuna sabuni za maji za kuogea zinazokuacha na ngozi laini hata kabla hujapaka mafuta.

Haifufui chochote. Unywele ukishatoka kichwani umekufa, anayekwambia dawa yake inauponya anataka hela yako. Ni nguo tu tunauvika, lakini nguo nzuri.

Haya yote nilielezwa na dada mmoja wa Bujumbura ninayenunua kwake mali, amesomea mambo ya dawa. Nilikuwa nayajua kabla ya mkasa huu. Nilichokuwa sijui ni kinachotokea kwenye ndoo ya wifi yangu.

Turudi barabarani.

Wiki ya hina ilipokaribia, Zaituni akaja saluni amejifunga kitambaa, na mama yake nyuma yake. Hawakunisalimia vizuri. Wifi akamfungua mtoto kitambaa mbele ya wateja wangu.

"Wifi, angalia kazi yako," akasema. "Hii iko nywele ao iko kamba ya mutumbwi?"

Nikashika. Nilishtuka kweli. Zilikuwa ngumu juu, zinanata chini, zimefungana mafundo, na kwenye vidole ziliniachia kitu cheupe kama nta. Kitana kiliingia kikakwama palepale.

"Ile dawa yako imekula nywele ya mutoto. Mimi nasema tukate tu, itaota ingine."

Zaituni alishika mkono wangu chini ya taulo akaubana. Kisha akasema polepole, "Shangazi, usiache anikate."

Kwa wasiojua mila zetu: siku ya hina bibi harusi anakaa kwenye mkeka, wanawake peke yao, nywele wazi. Wa upande wa mume wanakuja kumuona. Wanazishika, wanazipaka mafuta, wanaimba. Ukimkalisha pale amenyolewa, kabla chai haijaisha watakuwa wameshasema ana ugonjwa, au ana jambo analoficha, na maneno hayo yatafika Kabonga kabla yake.

Nilikasirika, na niliogopa pia. Nilimuomba wifi anipe siku chache. Akanikubalia kwa kichwa tu.

Wazo la kwanza lilikuwa chupa ni feki. Mnajua biashara ya mpakani ilivyo. Nikaichukua kwa Zaituni ileile chupa niliyompa, nikaitumia kichwani kwangu. Zangu zikatoka laini kama kawaida.

Basi nikamwambia Zaituni: "Mwanangu, njoo na vitu vyako vyote, uoshe hapa kama unavyoosha nyumbani. Usinifanyie usafi wa wageni."

Akaja na ndoo. Na maji ya ziwa, kwa sababu kwao bomba lilikuwa limekauka siku hizo na wote walikuwa wanachota ziwani. Akatoa kipande cha sabuni ya mama yake, akakikwangua kwa kisu ndani ya ndoo, akakoroga mpaka maji yakawa meupe.

Halafu akachukua kondishena yangu, akaimimina humohumo. Akakoroga tena kwa mkono kama anayekoroga uji.

Nikaketi chini.

Wakuu, msimcheke. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuosha nywele kwa hatua hatua. Kila kitu kizuri kinaingia kwenye ndoo moja. Ukipata parachichi, ndani. Yai, ndani. Mafuta kidogo ya mawese, ndani. Mama zetu walifanya hivyo na nywele zao zilikuwa nzuri. Kwa hiyo alipopewa dawa ya maana na shangazi yake, na anayo sabuni ya maana ya mama yake, aliziweka pamoja ili zisaidiane.

Na kila zilipozidi kuwa ngumu, waliongeza. Mama anaongeza sabuni ili itoe uchafu, mtoto anaongeza kondishena ili ilainishe.

Nikachukua glasi ya maji safi, nikatia kondishena kidogo, nikakoroga. Maji ya maziwa, laini. Nikachukua glasi nyingine nikayeyusha sabuni. Nikamimina hii kwenye ile.

Ikakatika. Kama maziwa yaliyoharibika ukiyatia kwenye chai ya moto, vipande vyeupe vinaelea, vinanata kwenye kijiko.

Nikampigia yule dada wa Bujumbura. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia sabuni, ya mawese au ya nini, ina chaji hasi, tena nyingi. Kwa hiyo ile protini iliyovishwa chaji chanya ikikutana na sabuni ndani ya ndoo, haina haja ya kutafuta nywele tena. Imeshapata wa kumshika. Zinashikana zenyewe, zinaganda, na hayo mabonge ndiyo yanayoangukia kichwani.

Ongeza na maji ya ziwa. Maji yetu yana madini, na sabuni ikikutana na madini inaacha ule ukoko mnaouona kwenye beseni. Ongeza na ukali wa sabuni wenyewe, unaoufanya unywele uvimbe na kukwaruzana.

Kabla hamjanirukia kwenye comments: ndiyo, shampuu ya dukani nayo ina chaji hasi. Lakini unaiosha inaondoka kwanza, ndipo kondishena inakuja. Na haiachi ukoko na maji ya ziwa kama sabuni. Tatizo halikuwa sabuni peke yake wala kondishena peke yake. Tatizo lilikuwa ndoo moja.

Na protini nayo ina kipimo. Ukiitumia kila mara bila kupumzisha, utando unarundikana na nywele zinakuwa ngumu, hata bila sabuni. Yule mwenzetu mwenye fagio, nadhani kesi yako ni hiyo.

Basi dada akanipa njia: shampuu ya kawaida, ya kusafisha sana, irudiwe mpaka ukoko utoke, na maji yasiyo na madini. Maji ya mvua yanafaa kabisa.

Nilipomaliza simu nilifurahi kama mtu aliyepata funguo zake. Furaha ikakatika nilipokumbuka kwamba lazima nimwambie wifi.

Nilimkuta uani anakata sabuni. Kando, kwenye kitenge kipya, kulikuwa na rundo lingine, vipande vilivyokatwa vizuri kuliko vya kuuza. Sikuhitaji kuuliza. Mama wa huku kwetu akimuoza binti anampa kitu cha kazi yake aende nacho. Zile zilikuwa za Zaituni, za kwenda nazo Kabonga.

Nikamuonyesha zile glasi. Sijui kwa nini nilidhani glasi zitasema vizuri kuliko mimi. Nilipochanganya, maji yakakatika vilevile, mbele yake, na Zaituni akiwa amesimama mlangoni.

Wifi aliweka waya wake chini.

"Basi sabuni yangu iko sumu?"

"Haiko sumu, wifi. Ni ya mwili, ya nguo, ya vyombo. Kwa nywele hizi, na dawa hii, hazipatani."

"Kaka yako walimuosha na hii sabuni siku ya kumuzika," akasema. "Mimi mwenyewe nilitoa kipande. Leo unaniambia iko mubaya juu ya mutoto wake."

Nilimpenda sana kaka yangu. Nilisimama pale na glasi zangu mkononi, nikaona aibu, ingawa nilichosema kilikuwa kweli. Niliumia kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Nikamwambia Zaituni tukipata mvua akinge maji, kisha nikaondoka. Wifi hakunisindikiza hata mpaka mlangoni. Mtu wa hapa akikuacha utoke peke yako kwake, umeelewa.

Usiku huo mvua ilinyesha. Ilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, nikalala nikiisikia kwenye bati, nikiwaza tutakuwa na maji lakini hatutakuwa na mama wa bibi harusi.

Asubuhi nafungua saluni, baiskeli ya kubeba mizigo inasimama, imejaa bidoni, madumu ya maji. Nyuma yake anatembea wifi, na Zaituni na kitambaa chake.

"Maji ya mvua," wifi akasema, hata kabla ya amahoro. "Bidoni nimeosha na maji ya moto tu. Sikutia sabuni, usianze kunipima na glasi zako."

Nilicheka. Yeye hakucheka, ila alivua viatu akaingia, na hapo nikapumua.

Tukamlaza Zaituni kichwa kwenye beseni. Nikataka kuanza, wifi akanisogeza kwa kiwiko. "Wewe sema tu nifanye nini. Kichwa hiki nilikiosha mimi kabla yako."

Basi mimi nikawa msemaji, yeye akawa mikono. Shampuu, sugua taratibu, suuza. Maji yakatoka ya kijivu. Shampuu tena. Kila akimimina maji ya mvua alikuwa anashika nywele kati ya vidole na kusikiliza, nadhani ndivyo anavyopima sabuni yake ikiiva. Mara ya kwanza akatikisa kichwa. Baadaye akatikisa tena. Mwishowe akasema, "Imetoka."

Tukaweka kondishena, safari hii kidogo, peke yake, kwenye nywele safi, hasa kwenye ncha. Tukasubiri. Tukasuuza. Nikampa wifi kitana.

Hakikupita chote. Nisiwadanganye, kuna ncha zilizokuwa zimekwisha na ilibidi nizikate, upana wa vidole kadhaa. Lakini juu ya hapo kitana kilishuka, na nywele zikakifuata.

Wifi akaweka kitana chini. Alikuwa analia bila sauti, na mimi nikajifanya nakunja taulo.

Akauliza, bila kumuangalia mtu: "Na ile sabuni nilikupikia? Niuze tu?"

Zaituni akainuka na maji yanamtiririka shingoni.

"Mama, usiuze. Ile iko ya mwili. Kwenye nyumba ya watu sitaki kunukia kama wao siku ya kwanza. Nataka ninukie kwetu."

Wifi alichukua taulo mikononi mwangu, akamfunika mtoto kichwa, akamshikilia hivyo muda mrefu. Mimi nikatoka nje kumlipa mwenye baiskeli, ingawa alikuwa ameshalipwa.

Siku ya hina wageni wa Kabonga walizishika nywele, wakazipaka mafuta, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mmoja akauliza ni dawa gani. Wifi akajibu haraka kabla sijafungua mdomo: "Maji ya mvua." Sikumsahihisha.

Sasa funzo, kwa wanaopenda kuruka mpaka mwisho.

Kondishena ya protini iliyobadilishwa inafanya kazi, si uongo. Inafanya kazi kwa sababu inashika. Lakini inashika chochote kinachoikubali, kwa hiyo usiikutanishe na sabuni. Osha kwanza, suuza mpaka maji yawe safi, ndipo uipake. Kama maji yako ni ya ziwa au ya kisima chenye chumvi, weka akiba ya maji ya mvua kwa ajili ya kichwa. Na usiitumie kila unapooga, nywele zikianza kuwa ngumu zipumzishe.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi, na mabingwa wa kemia humu mnirekebishe nilipokosea, sitanuna.

Sehemu ninayotaka kusikia zaidi kutoka kwenu ni ile nyingine. Wifi na mimi tunasalimiana vizuri, tunacheka. Lakini tangu siku zile, nikipita kwake, anafunika sabuni zake kwa kitenge mpaka niondoke. Nimewahi kumwambia mara moja kwamba mimi mwenyewe naoga nayo, na ni kweli. Akasema murakoze, yaani asante, akaendelea kufunika.

Nyinyi mlimwambiaje mtu anayewapenda kwamba kitu alichokipika kwa mikono yake hakifai mahali pamoja tu, na akasikia hilo tu, bila kusikia kwamba mmemkataa yeye?